Wanyama wa vituko sebuleni bila kuvunja kibubu: mwongozo kwa watu wa Dodoma na jirani zake

Siku hizi ukiingia duka la mapambo ya ndani hapa mjini lazima ukutane na wale wanyama wa vituko, sungura kavaa miwani anasoma kitabu, nyani kashika balbu, chura kakunja miguu kama yuko mazoezini, twiga anapuliza bigijii ya pinki, halafu unageuza kibandiko cha bei unakisoma mara mbili ukidhani wameongeza sifuri kwa bahati mbaya. Hawajaongeza. Mnyama wa kimo cha goti anauzwa laki na nusu, laki mbili, na muuzaji wala hatetereki, anakwambia "dada hii ni mzigo mpya" basi.

Mi sitakwambia uache kuwapenda maana na mimi nawapenda. Ila kuingia mikopo ya kausha damu kwa ajili ya sungura wa miwani hapana jamani, na kwa jinsi kanda hii ya kati ilivojaa vibuyu, chuma chakavu, mafundi wa mageti na jua la kukaushia vitu bure, unaweza kupata sebule yenye wanyama wa kuchekesha kwa hela ya kawaida kabisa. Twende taratibu.

Kwanza kabisa, jua unalipia nini

Wengi wa wale wanyama wa dukani ni resini, yaani plastiki ya maji inayomiminwa kwenye umbo, ikishaganda inatolewa na kupakwa rangi. Ukimgeuza chini mara nyingi unakuta kitambaa laini kimebandikwa, na ukipitisha kidole ubavuni saa zingine unausikia ule mstari wa pale umbo lilipokutania. Gonga kwa ukucha, kama ni wazi ndani utasikia. Sio jiwe, sio shaba, na hakuna mtu aliyekaa akamchonga huyo mmoja kwa ajili yako, wametolewa wengi wa sura moja.

Sasa kwanini anakuvuta? Kwa sababu ya pozi. Ni mkao wake, pale anapoangalia, na kitu kimoja cha kibinadamu alichopewa ambacho mnyama hana kazi nacho. Malighafi inakuja nyuma sana. Ushahidi mkubwa ni yule sungura wa msanii wa Marekani Jeff Koons, alimtoa mwaka 1986, wa chuma cha pua kinachong'aa, kimo chake ni kama mita 1 tu, na Mei 2019 aliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 91. Na umbo lake alilitoa wapi? Kwenye sungura wa plastiki wa kupuliza, lile toi la watoto! Kwahiyo mtu kachukua umbo la kitu cha bei chee akalibadilisha malighafi, sisi tutafanya kinyume chake, tunachukua pozi la mnyama wa bei mbaya tunalihamishia kwenye malighafi ya bei chee.

Kwa hiyo fanya hivi. Mnyama uliyempenda dukani muombe muuzaji umpige picha, wengi hawakatai ukiomba vizuri. Ukifika nyumbani andika vitu 3 tu: amekaaje, anaangalia wapi, na ana nini cha mtu (miwani, kofia, kitabu, balbu). Hicho kikaratasi ndo ramani yako, rangi na kile kimng'ao cha dhahabu sahau.

Pili, chagua sehemu kabla ya mnyama

Hapa napita haraka. Angalia ni wapi jicho linaangukia mtu akiingia mlangoni, hapo ndo pa mnyama mmoja mkubwa. Wengine wawili wadogo wakae sehemu za kushtukiza, juu ya friji, pembeni ya dirisha, kwenye ngazi kama unayo. Ukizidisha hapo sebule inakuwa mbuga. Kama umepanga muulize baba mwenye nyumba kuhusu misumari mapema, kuna wenye nyumba wanahesabu matundu siku unahama. Pima upana na kimo kwa futi kamba uandike, maana kitu kinachoonekana kidogo kwenye uwanja wa fundi kikiingia ndani kinaziba TV.

Tatu, zunguka kabla hujatengeneza chochote

Dodoma ina faida moja ambayo miji mingi haina, watu wanahama kila wakati. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku, watumishi wanakuja na kuondoka, mtu kapata uhamisho anataka kupunguza mzigo, anaweka status au anatupia kwenye grupu la mtaa "vitu vinauzwa haraka". Humo kwenye makochi na majiko kuna mapambo, na mapambo ndo kitu cha mwisho anachofikiria kwa hiyo bei anataja yoyote ili aondoke. Ukiona tangazo la makochi we uliza "na mapambo je?" Utashangaa.

Soko la Sabasaba hapa mjini, kwenye mitumba, nako pita, hasa kwa wale wanaouza vyombo na matoi. Unachotafuta hapo sio kitu kizuri, ni kitu chenye umbo zuri, rangi hata ikiwa imechubuka haina shida. Bata wa udongo aliyepasuka mdomo ananunuliwa kwa bei ya soda, mdomo unajengwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa randa, unapigwa msasa, unapaka rangi, kazi imeisha.

Na matoi ya wanyama ya plastiki, wale wanaouzwa kwa fungu kwenye maduka ya vitu vya buku buku, usiwadharau. Twiga wa plastiki wa urefu wa kiganja, mpige msasa laini mwili mzima ili rangi ishike, muoshe mafuta, mkaushe, mpulizie rangi ya spray koti jembamba mara 3 badala ya koti zito mara 1 maana zito linachuruzika, halafu mgandishe juu ya mfuniko wa kopo la glasi la sukari au majani ya chai. Rangi iishie nje tu, ndani ya mfuniko usiguse, kuna watu wanakula humo. Kazi ya jioni moja hiyo na inafaa hata zawadi.

Vibuyu, hapa ndo penyewe

Kama unasoma mwongozo huu na utafanya kitu kimoja tu basi kiwe hiki. Kibuyu kimeshazaliwa na mwili wa mnyama, wewe unamalizia tu. Chenye shingo ndefu iliyopinda ni bata, korongo au mbuni. Cha duara ni nguruwe au kobe. Kile chenye mafundo mawili, dogo juu kubwa chini, ni nyani aliyekaa au kuku aliyenuna. Na kibuyu kilichonyooka upande mmoja kikatokeza tumbo upande mwingine, kile ambacho mama hakitaki kwa maziwa kwa sababu hakisimami, hicho ndo chenye pozi kuliko vyote.

Uzuri huku kibuyu sio kitu cha ajabu, Wagogo wanakitumia kwa maziwa, kwa uji, na kwenye zeze ndo tumbo la sauti lenyewe, mzee Hukwe Zawose aliyefariki 2003 aliizungusha dunia na zeze na marimba. Kwa hiyo ukiulizia minadani huko Msalato, Chamwino, Bahi mpaka Mpwapwa hakuna atakayekushangaa, labda atakushangaa ukimwambia unataka kile kilichopinda. Mwambie unataka kilichopinda hivohivo na upatane bei kabla hajajua kwamba una haraka.

Chagua kikavu. Kikavu ni chepesi, rangi imeshakuwa ya kaki au kahawia, na ukikitikisa mbegu zinacheza ndani. Kama ni kizito na kina ubaridi bado kibichi, ukikipaka rangi kitaozea ndani ya rangi. Kibichi kiache sehemu yenye upepo, miezi sio wiki.

Ukifika nacho nyumbani kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu, funika na kitambaa kilicholowa maana kinaelea, kiache kama nusu saa mpaka ile ngozi ya juu na madoadoa ya ukungu yalainike, kisha sugua na stilwaya. Kaushia kivulini. Kama unataka kukikata au kutoboa funga barakoa, na sisemi kwa utani, vumbi la ndani ya kibuyu linakereketa kifua vibaya sana hasa kwa mwenye pumu. Tundu linatobolewa kwa msumari uliochomwa moto, shika na koleo.

Mfano mzuri wa kuanzia ni kanga, ndege wa huku huku, kila mtu anamjua na rangi zake ni rahisi. Chukua kibuyu cha duara chenye kishingo kifupi, kilaze, kishingo ndo kichwa. Toboa tundu dogo chini, mimina mchanga mkavu kidogo ndani ili awe na uzito asianguke upepo ukipiga, ziba na gundi na kipande cha kitambaa. Miguu ni binding waya, ile wanayofungia nondo, sokota nyuzi 4 pamoja ziwe ngumu, ingiza kwenye matundu mawili tumboni, chini zizamishe kwenye kipande cha mbao kilichotobolewa, fremu yoyote ya seremala ina vipande vya kutupa. Paka mwili rangi nyeusi ya mafuta au kijivu kilichoiva, subiri ikauke kabisa, kesho yake ndo madoa meupe. Madoa tumia kijiti cha pamba ya masikio kwa makubwa na ncha ya kalamu iliyokwisha kwa madogo, panga mistari ifuate mviringo wa mwili, usitawanye tu ovyo. Kichwa bluu, ndevu nyekundu.

Mambo ya madoadoa na rangi kali sio mageni kwetu kabisa. Edward Tingatinga alianza miaka ya sitini mwishoni Dar es Salaam, anachora wanyama kwenye vibao vya bei ya chini kwa rangi za mafuta za kawaida, wanyama wenye macho makubwa na pozi za ajabu, alifariki 1972 na mpaka leo dunia inanunua staili yake. Hakuanza na vifaa vya gharama.

Sasa mpe kituko. Kanga mwenye madoa ni kanga tu, kanga aliyegeuza shingo kama kasikia jina lake linatajwa, kavaa fremu ya miwani mibovu ya bibi, huyo ndo anachekesha. Kitu kimoja tu lakini! Miwani, au kofia, au kapu dogo mkononi. Ukimpa vyote vitatu anakuwa kama wale sanamu wa kutangaza kuku wa kukaanga.

Kama hutaki rangi kabisa, paka rangi ya viatu ya kahawia, acha kidogo, futa na kitambaa kikavu, kibuyu kinang'aa kama cha zamani. Mistari ya manyoya unaichora kwa waya uliochomwa moto.

Neno la pembeni, bundi. Kwenye picha za mitandao bundi ni mzuri na anatoka vizuri sana kwenye kibuyu, ila unajua na mimi najua, shangazi akija kusalimia akamkuta bundi anamwangalia toka juu ya kabati hatalala hapo, na maswali yatafika ukoo mzima. Kinyonga vilevile. Kama nyumba yako inapokea wageni wengi wa nyumbani, nenda na kanga, mbuzi, twiga, punda. Punda ana uso wa kuchekesha kuliko wote na hana kesi na mtu.

Twiga wa magazeti kwa ajili ya ukutani

Hii ni kwa mwenye muda na watoto wanaotafuta kazi ya likizo. Kichwa cha twiga na shingo ukutani dukani ni hela ndefu, kwa magazeti gharama kubwa ni rangi tu.

Mifupa: kwa wauza vitambaa omba lile bomba la boksi linalobaki katikati ya jora likiisha, hiyo ndo shingo. Kichwa ni chupa ya maji ya nusu lita iliyominywa kidogo upande wa mdomo. Masikio boksi, pembe vijiti viwili vyenye vizibo kichwani. Funga vyote na masking tepu mpaka usione chupa, na hapa ndo uweke pozi, shingo iiname kidogo na kichwa kigeuke upande, kama anachungulia nani kaingia. Ukisubiri kuweka pozi baadae umeshachelewa, gazeti likishakauka halipindi. Nyuma weka kipande cha plaiwudi na ndoano ya waya kabla hujaanza kubandika.

Gundi: unga wa ngano kikombe 1, koroga na kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye maji vikombe 4 yanayochemka huku unakoroga, dakika 2 au 3 inakuwa kama uji mwepesi, ongeza chumvi vijiko 2 kupunguza ukungu. Acha ipoe.

Chana gazeti kwa mkono usikate na mkasi, kingo zilizochanika zinalala vizuri. Chovya, minya uji uliozidi, bandika. Tabaka 2 au 3 halafu acha ikauke kabisa ndo uendelee, mpaka zifike 6 au 7. Dodoma kuanzia Juni mpaka Oktoba kazi hii ni raha, hewa kavu, upepo upo, kesho yake unaendelea. Ila usiliache kwenye jua la saa 7 upande mmoja, upande huo unavuta unajikunja, liweke kivulini kwenye upepo uwe unaligeuza. Masika ya Desemba mpaka Aprili bora usubiri au ukaushe ndani karibu na dirisha, ikikaa na unyevu siku nyingi inatoa harufu ya togwa iliyochacha.

Tabaka la mwisho tumia karatasi nyeupe na gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa na maji, sio ya unga, nitakuambia kwanini mbele. Msasa laini, emalshen nyeupe kama msingi, halafu krimu, halafu mabaka ya kahawia. Kope kata nyuzi za ufagio wa plastiki, hizo kope ndo zinamfanya twiga awe na maringo. Ni mwepesi kiasi kwamba msumari mmoja mdogo wa zege unambeba.

Fundi wa mageti

Kila mtaa una fundi wa kuchomelea, Kizota, Nkuhungu, Majengo, popote, na kila fundi ana rundo la vipande vya nondo na mabomba vilivyobaki. Wewe unataka swala au mbuzi wa mistari tu, wa kuonekana kama mchoro uliosimama, huyo hali chuma kingi na fundi akiwa hana kazi ya geti anamaliza mapema.

Usiende na maneno, "nataka mnyama mzuri" atakutengenezea kitu ambacho wote mtashindwa kukitaja. Chora kwa makaa kwenye boksi kubwa ukubwa uleule unaoutaka, hata kama hujui kuchora, mistari 8 au 10 inatosha, mpe boksi alilaze chini akunje nondo juu yake. Nondo ya mm 8 inakunjika vizuri kwa shingo na miguu, mm 12 tumia kwa kitako tu. Kama unataka wa kukusanya vipande basi pita kwa mafundi pikipiki na bei ya soda, sproketi iliyokwisha ni jicho au mkia wa jogoo, mnyororo ni uti wa mgongo wa mamba, plagi ni miguu. Patana bei kabla na itaje kama ni pamoja na vyuma au hapana, hapa ndo ugomvi unatokeaga. Lipa nusu. Na kabla ya rangi mwambie apige praima ya kuzuia kutu, wasipokumbushwa wengi wanaruka.

Kama umekosa wazo la mchoro, Michoro ya Miambani ya Kondoa iko mkoa huuhuu, Kolo, barabara ya kwenda Babati ukishaipita Kondoa mjini, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Watu wa kale walichora twiga, tembo na pofu kwa rangi nyekundu, wanyama wembamba wenye shingo zilizotiwa chumvi, ukimwangalia mmoja unaona kabisa mchoraji alikuwa anajua utani. Ni pozi tupu hakuna mapambo. Chukua mistari ile uipeleke kwenye nondo, au ukaichore kwa rangi ya udongo mwekundu kwenye ubao na utundike. Michoro yenyewe ukienda kuiona usiiguse wala kuilowesha maji ili itoke vizuri kwenye picha.

Kondoo wa kukalia

Hii ya kifahari. Wafaransa wawili mke na mume, Claude na François-Xavier Lalanne, walijulikana sana kwa sanamu za wanyama zenye kazi ya fanicha, na tangu 1965 kondoo wao wa manyoya wa kukalia wamekuwa kitu cha matajiri, mnadani wanakwenda kwa hela ya nyumba. Kwetu kondoo wa kukalia anahitaji stuli ya mbao yenye miguu 4, kipande cha zulia la manyoya, na kichwa.

Stuli nunua kwa seremala isiyopakwa rangi. Juu gandisha godoro la kipande, sponji ya inchi 3 inatosha, livimbe katikati ili mgongo uwe wa mviringo. Mazulia ya manyoya wenye maduka wanabakiwa na vipande vya pembeni baada ya kumkatia mteja, omba krimu au nyeupe, lifunike mpaka pembeni likishuka kidogo kuelekea kwenye miguu, piga pini za kochi kwa chini. Kichwa seremala akate kwenye ubao wa inchi 2, umbo la kabichi lililorefuka na masikio mawili yaliyolala, paka nyeusi, funga kwa skrubu mbili ndefu mbele. Miguu nyeusi pia. Macho sio lazima, kondoo asiye na macho anakuwa na heshima fulani hivi. Watoto watampanda siku ya kwanza kwa hiyo hizo skrubu zisiwe fupi. Ngozi halisi ya kondoo inawezekana, ila kama haijalainishwa na mtu anayejua itanuka, hasa msimu wa mvua, nimemaliza.

Saruji kwa ajili ya nje

Kwa baraza na bustani. Mwili ni chupa au kopo lililozungushiwa wavu wa kuku, udongo ni saruji 1 kwa mchanga 3 uliochekechwa, maji kidogo ili ushike usichuruzike, paka kwa mkono wenye glovu maana saruji inababua. Siku ya kwanza umbo, siku ya pili masikio na pua. Baada ya hapo funika gunia lililolowa na umwagie maji kwa wiki nzima, jua letu likiikausha saruji haraka inapasuka nywele nywele. Kama wiki hiyo maji hayatoki tumia yaliyooshea mboga. Na kama hutaki kuchafuka, wale wanaouza miche na vyungu vya saruji pembeni ya barabara wengi wana mikono mizuri kuliko mimi na wewe, wapelekee ile picha na yale maneno 3.

Vinyago vya mbao

Hapa kuna upotoshaji mwingi. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi kwamba ukitumbukiza kipande majini kinazama, na ndo maana ni ghali. Cha bei ya kutupa cheusi tii mara nyingi ni mbao nyingine iliyopakwa rangi ya viatu, futa na tishu yenye unyevu sehemu ya chini uone. Wala sio dhambi, we lipa bei ya mbao nyingine tu. Ukienda Dar, na treni ya SGR sasa inafika na kurudi bila tabu, pale Mwenge kwa wachongaji unaongea na mwenye tindo mwenyewe, muonyeshe pozi lako achonge kwenye mbao laini badala ya mpingo. Huku kwetu subiri Nanenane Nzuguni mwezi wa 8, kwenye mabanda ya wajasiriamali, na nenda siku ya mwisho wakati hakuna anayetaka kurudi na mzigo.

Ila kinyago kilichochongwa kwenye mti mbichi pwani kikija kwenye ukavu wa Dodoma kinapoteza maji haraka na kupasuka. Kipake mafuta ya kupikia kidogo au ya mbegu za kitani kama unayo, kikae mbali na dirisha la jua wiki za mwanzo.

Vitu ambavyo usilete ndani kabisa

Pembe la swala, ngozi ya pundamilia, kucha, gamba la kobe, yai la mbuni, hata kama umeuziwa na mtu mwema njiani na bei nzuri. Hizo ni nyara za serikali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka uwe na kibali, na kesi zake hazina mzaha. Ukitaka pembe chukua ya ng'ombe machinjioni, ichemshe mpaka kile cha ndani kichomoke, anika, piga msasa, inatoa mdomo mzuri wa korongo wa kibuyu.

Vumbi na mchwa

Vumbi la Dodoma linajulikana, na wanyama wana mikunjo. Brashi ya rangi ya inchi 1 iliyo kavu mara moja kwa wiki inatosha, kitambaa chenye maji kwenye gazeti na kibuyu kisichopigwa vanishi hapana.

Mchwa, mende na panya wanapenda unga, ndo maana nikasema tabaka la mwisho la twiga liwe la gundi nyeupe, na rangi ifike mpaka nyuma kwenye ile plaiwudi, sio mbele tu panapoonekana. Cha mbao au gazeti kisikae sakafuni wala kisigusane na ukuta wenye njia ya mchwa, kiinue hata kwa vizibo vya soda vinne chini ya miguu. Ukikuta unga unga mpya umemwagika chini ya mnyama, mtoe nje siku hiyohiyo, mchome sindano ya dawa ya mchwa kwenye matundu, mfunge ndani ya mfuko wa nailoni siku kadhaa, na kabla hujamrudisha angalia na kabati alilokuwa amekaa juu yake.